Kumi ya Douwe

Saa moja na nusu asubuhi, nyuma ya ghala la viazi,
watu saba na gambuti, pumzi zetu zikionekana.
Aaltje keshafungua daftari juu ya boneti ya gari.
Harm anasema upepo ni wa kaskazini magharibi,
anavyosema kila Oktoba katika pwani hii ya Friesland,
hata siku upepo usipokuwepo.

Wa saba ni Femke, binti wa Douwe.
Hatofautishi kitwitwi na shakwe.
Amekuja kwa sababu darubini ya marehemu
imesimama sebuleni kwake tangu Machi,
kwenye miguu yake mitatu, kama mgeni asiyeaga,
na mumewe amechoka kuizunguka na vikombe vya kahawa.

Tukapanda tuta. Kondoo walitupisha shingo upande.
Upande huu, mashamba yaliyokwisha kuvunwa;
upande ule, nchi ambayo haijaamua kama ni nchi:
matope, vijito, matope tena,
na mimea ya chumvichumvi, myekundu
kama mashavu yaliyochapwa na baridi.
Maji yalikuwa yakijaa. Bamvua.
Yanapojaa huwasogeza ndege karibu yetu,
kidogo kidogo, kama mwalimu anayenyoosha safu.

Bata bukini tuliwasikia kabla ya kuwaona.
Bukini ni kisiwa cha mbali, chenye jua;
hawa hawajakiona hata ndotoni.
Wametoka kwenye barafu ya Siberia
na watoto wao wa mwaka huu, wenye mistari myeupe mbawani,
wanabishana hewani kama familia iliyopotea njia
ambamo kila mtu anaijua njia.

Aaltje akaanza kuhesabu, kumi kumi, midomo ikicheza.
Anayehesabu haulizwi kitu: ndiyo sheria yetu pekee.
Ndipo Femke akauliza,
"Mbona mimi naona ukungu tu?"

Harm akainama, akachungulia, akanyamaza.
Gurudumu la kulengea lilikuwa pale pale
alipoliacha Douwe, kwa jicho lake la kulia, lile bovu.
"Lizungushe," akasema. "Kidogo. Kushoto."
Femke akaweka mkono, kisha akauondoa.
"Hapana. Nitaangalia hivihivi."
Akaangalia ukungu wa baba yake
robo saa nzima, machozi tukayasingizia upepo,
na sote tukashughulika mno na supu ya njegere.

Kisha kipanga.
Hatukumwona; tuliona kinamasi kizima kikinyanyuka,
vitwitwi elfu, kitambaa kimoja,
cheusi, cheupe, cheusi,
kikikunjwa na kukung'utwa na mikono isiyoonekana,
na sululu mmoja akalia ile sauti yake inayopanda,
inayopanda, halafu inasahau ilikokuwa ikienda.
"Wapi? Yuko wapi?" Femke, jicho kwenye kioo,
vidole vinazungusha, vinazungusha,
"Nimempata! Ana masharubu!"

Hakuna aliyesema neno.
Alitambua mwenyewe, baadaye,
kipanga alipokwenda zake na kucha tupu.
Akautazama mkono wake
kama aliyesahau akanywa maji mchana wa kufunga.
Akalirudisha gurudumu nyuma, akapakosa pale pa zamani,
akajaribu tena, akaacha.

Garini, mvua ya kwanza ikidondokea karatasi,
Aaltje alisoma: "Bata bukini, elfu moja mia nne na sita."
"Douwe angeongeza kumi," akasema Harm.
"Kwa ajili ya waliojificha mtoni."
"Alikuwa akipiga chuku," akasema Femke.
"Nyumbani pia. Samaki, madeni, homa."
Akacheka, kicheko kikamkwama kidogo.

Aaltje alifunga daftari.
Akalifungua tena, akampa Femke kalamu,
akageuka kutafuta funguo
zilizokuwa mkononi mwake.